Sura ya Sita: Mfungaji wa Fainali Zilizopotea

Kwa takriban wiki mbili za mwezi Julai 2000, mchezaji ghali kuliko wote duniani hakuwa Zidane, hakuwa Rivaldo, hakuwa Batistuta. Alikuwa Hernán Crespo, kijana wa miaka 25 aliyezaliwa Florida, kitongoji kilichopo kaskazini mwa Buenos Aires. Lazio ya Roma ilimchukua kutoka Parma kwa dau lililozidi pauni milioni 35: sehemu yake fedha, sehemu nyingine viungo wawili, Matías Almeyda na Sérgio Conceição, waliokabidhiwa Parma kama chenji. Kabla mwezi haujaisha Real Madrid ikamnunua Luís Figo kwa fedha nyingi zaidi, na habari ya Crespo ikaishia hapo. Mwombe shabiki wa rika langu awataje waliowahi kushika rekodi hiyo. Atamtaja Maradona, atamtaja Ronaldo wa Brazil, Vieri, Figo, Zidane. Crespo atamruka, na hata ukimkumbusha atasita kidogo.

Kwa mtu mwenye mabao yale, kurukwa huko si jambo dogo. Aliifungia Argentina mabao 35 katika mechi 64, bao moja zaidi ya Maradona. Katika Serie A ya miaka ile, ligi ambayo mabeki wake walikuwa hawana huruma hata chembe, alifunga 153. Tatizo lake lilikuwa jingine. Mechi kubwa kabisa, zile ambazo dunia nzima ilikaa kuzitazama, yeye alifunga na wapinzani wakabeba kombe. Ilibidi atundike daluga, asimame kwenye mstari wa makocha na kutimuliwa kazi mara kadhaa, ndipo fainali zikaanza kumwendea sawa.

Nyumbani kwao walimwita Valdanito, kwa sababu alifanana na Jorge Valdano. Jina hilo lilikuwa na ubashiri ndani yake, ingawa waliompa hawakujua. Valdano alikuwa mshambuliaji aliyefunga bao katika fainali ya Kombe la Dunia 1986, kisha akawa kocha. Akiwa na Tenerife, timu ya kisiwani, aliinyang'anya Real Madrid ubingwa wa Hispania siku ya mwisho ya ligi mwaka 1992, akarudia kitendo kile kile 1993, na hatimaye Madrid wenyewe wakaona heri wamwajiri. Mwaka 1995 akawapa ubingwa. Mshambuliaji anayegeuka kocha na kuzisumbua timu kubwa akiwa na timu ndogo: hiyo njia ilikuwa imeshapitwa kabla Valdano mdogo hajaanza kuitembea.

Crespo aliibukia River Plate mwaka 1993 chini ya Daniel Passarella, na mwaka uliofuata akawa mfungaji bora wa ligi ya Apertura. Usiku wake mkubwa pale ulikuwa tarehe 26 Juni 1996. River walikuwa wamefungwa 1-0 na América de Cali nchini Colombia katika mechi ya kwanza ya fainali ya Copa Libertadores. Kwenye marudiano, uwanja wa Monumental, Crespo alifunga mawili, bao moja kila kipindi, na kombe likabaki Buenos Aires. Alikuwa hajatimiza miaka 21. Nalitaja hili mapema ili nisije nikaonekana namsingizia mkosi: huyu mtu alianza kwa kushinda.

Wiki sita hazikupita akawa Marekani na timu ya Olimpiki ya Argentina. Fainali ilichezwa tarehe 3 Agosti katika mji wa Athens, ule wa jimbo la Georgia, si wa Ugiriki. Wapinzani walikuwa Nigeria. Claudio López alifunga mapema, Celestine Babayaro akasawazisha, Crespo akafunga kwa penalti na kuirudisha Argentina mbele. Akafikisha mabao 6, sawa na Bebeto wa Brazil, wakawa wafungaji bora wa mashindano. Halafu Daniel Amokachi akasawazisha tena. Dakika ya 90 Nigeria wakapata mpira wa adhabu pembeni, mabeki wa Argentina wakasogea mbele kwa pamoja wakitaka kumwacha adui ameotea, mwamuzi msaidizi asinyanyue kibendera, na Emmanuel Amunike akaupiga mpira wavuni. Ikawa 3-2. Kwa mara ya kwanza dhahabu ya soka ya Olimpiki ikaja Afrika.

Wasomaji wa Tanzania wanamjua Amunike kwa sababu nyingine. Ndiye aliyeifundisha Taifa Stars na kuipeleka kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika la 2019, baada ya kulikosa tangu 1980, kisha akaonyeshwa mlango mara tu walipopoteza mechi zote 3. Naye ni mshambuliaji aliyegeuka kocha. Tutakutana tena na mashindano hayo ya 2019 mbele kidogo.

Italia Crespo alifikia Parma, na hapo alimkuta kocha kijana anayeitwa Carlo Ancelotti. Miezi ya mwanzo ilikuwa mikavu. Mshambuliaji aliyetoka kutwaa Libertadores hakuwa anaona nyavu, na mashabiki wa Parma, ambao si wakali kama wa Napoli au Roma, walianza kumzomea. Ancelotti hakumtoa kikosini. Nusu ya pili ya msimu mabao yakaja mfululizo, Parma wakamaliza wa pili, pointi 2 nyuma ya Juventus, nafasi ambayo mpaka leo hawajaipita. Mwaka 1999 wakabeba Kombe la UEFA kwa kuichapa Marseille 3-0 kule Moscow. Crespo ndiye aliyefungua karamu. Timu ile ilikuwa na Buffon, Thuram, Cannavaro, Verón. Ilikuwa pia na tajiri wa maziwa, Parmalat, ambaye mahesabu yake yalikuja kuonekana kuwa ya uongo mtupu, lakini hayo ni ya 2003.

Roma alikaa misimu miwili. Wa kwanza alifunga 26 akawa mfungaji bora wa Serie A. Wakati wa pili unaisha, tajiri wa Lazio, yule wa vyakula vya makopo vya Cirio, alikuwa anafilisika. Siku ya mwisho ya dirisha la usajili, Agosti 2002, nahodha Alessandro Nesta aliuzwa kwa Milan na Crespo akauzwa kwa Inter, kuziba pengo la Ronaldo aliyekuwa amekimbilia Madrid. Mwaka mmoja baadaye Roman Abramovich akaingia sokoni na mabulungutu yake, Chelsea ikamchukua kwa pauni milioni 16.8. Kisha Milan kwa mkopo, kisha Chelsea tena, kisha Inter tena. Ukiitazama orodha hiyo unaweza kudhani ni mtu asiyetulia. Mimi naiona tofauti. Mara nyingi aliuzwa kwa sababu mwenye timu alihitaji fedha haraka, na mali inayouzika haraka kuliko zote dukani ni mfungaji.

Kwenye timu ya taifa hali ilikuwa ya namna yake. Mbele yake alikuwepo Gabriel Batistuta, na Marcelo Bielsa, kocha wa wakati huo, aliamini kuwa kikosi chake kina nafasi ya mshambuliaji mmoja tu wa kati. Katika Kombe la Dunia la 2002 Batistuta alianza mechi zote 3, na zote 3 Crespo aliingia kuchukua nafasi yake. Nusu ya Waargentina walikuwa wanalilia wawekwe wote wawili. Mechi ya mwisho ya kundi, dhidi ya Sweden, ilipaswa washinde. Dakika ya 88 wako nyuma 1-0, Ariel Ortega akapiga penalti, kipa akapangua, Crespo akawahi mpira na kuutia wavuni. Akauokota mwenyewe akakimbia nao katikati. Muda ukaisha 1-1. Argentina, waliotajwa kuwa mabingwa watarajiwa, wakarudi nyumbani.

Mwaka 2006, Ujerumani, nafasi hatimaye ilikuwa yake. Alifunga mabao 3, la kwanza likiwa dhidi ya Ivory Coast ya Drogba. Ila kitu nilichokipenda zaidi hakikuhesabiwa kwake. Dhidi ya Serbia na Montenegro, Argentina walipasiana zaidi ya mara 20, mpira ukienda kulia, ukirudi, ukienda kushoto, ukirudi, mpaka ukamfikia Esteban Cambiasso nje ya boksi. Cambiasso akampa Crespo aliyeligeuzia goli mgongo. Mshambuliaji mwenye njaa ya mabao angezungusha mwili na kupiga. Yeye aliugusa kwa kisigino, mpira ukarudi njiani kwa Cambiasso aliyekuwa anakuja mbio, na nyavu zikatikisika. Bao hilo huonyeshwa kila Kombe la Dunia linapokaribia, na jina linalotajwa ni la Cambiasso. Robo fainali wakatolewa na wenyeji kwa mikwaju ya penalti. Crespo alikuwa ameshatolewa nje.

Nimeiruka makusudi tarehe 25 Mei 2005.

Huku kwetu mpira ulianza saa 3:45 usiku, maana saa za Istanbul na za Nairobi kipindi hicho cha mwaka ni zile zile. Milan na Liverpool, fainali ya Klabu Bingwa Ulaya, uwanja wa Atatürk. Paolo Maldini alifunga dakika ya kwanza. Dakika ya 39 Shevchenko akatia mpira kutoka kulia, Crespo akaumalizia kwenye nguzo ya mbali. Dakika ya 44 likaja bao ambalo mimi naliweka juu ya yote yaliyofungwa usiku ule, pamoja na yote yaliyofuata. Kaká aliupokea mpira ndani ya nusu yake mwenyewe, akamgeuka Steven Gerrard kwa mguso mmoja, na kwa mguso wa pili akapiga pasi ndefu ya chini iliyokata katikati ya mabeki kama mita 40 hivi. Jamie Carragher alijinyoosha ikampita. Crespo alikuwa anakimbia, mpira unakuja kwa mkato, kipa Jerzy Dudek anatoka. Muda wa kuutuliza haukuwepo, na hakuuhitaji. Aliuchota juu kwa mguso mmoja wa mguu wa kulia, akampiga Dudek kanzu akiwa bado katika mwendo. Ikawa 3-0.

Waliotoka kwenye vibanda umiza wakati wa mapumziko wakaenda kulala ni wengi, na hadi leo wanataniwa. Katika dakika 6 za kipindi cha pili Gerrard, Vladimír Šmicer na Xabi Alonso walirudisha mabao yote matatu. Mtu mmoja wa Liverpool hakuwepo uwanjani kuyaona: Harry Kewell, winga kutoka Australia, aliumia nyonga mapema katika kipindi cha kwanza akatoka anachechemea, huku mashabiki wake wenyewe wakimzomea. Aliyeingia badala yake ni huyo huyo Šmicer. Dakika ya 85 Ancelotti naye akamtoa Crespo. Kwa hiyo penalti zilipofika, mtu aliyefunga mawili kwenye fainali alikuwa kwenye benchi, mikono haina la kufanya. Serginho alipaisha, Pirlo akapanguliwa, Shevchenko akapanguliwa.

Kewell na Crespo: naomba msomaji aweke majina hayo mawili mahali karibu.

Crespo alirudi Chelsea na mechi ya kwanza ya ligi akafunga dakika za nyongeza kule Wigan, shuti la mbali la kupinda lililoleta pointi 3, na mwisho wa msimu akawa bingwa wa Uingereza chini ya Mourinho. Akiwa na Inter alibeba ubingwa wa Italia mara tatu mfululizo, 2007 hadi 2009. Halafu Genoa, halafu Parma, ambako alimalizia mwaka 2012. Sijui kama kuna mshambuliaji wa kizazi chake aliyepita mikononi mwa walimu wengi wa daraja hilo: Passarella, Ramón Díaz, Ancelotti, Cúper, Bielsa, Mourinho, Mancini. Ungetegemea shule kama hiyo imtoe kocha aliyekwiva siku ya kwanza.

Haikuwa hivyo. Alianza na vijana wa Parma msimu wa 2014/15, msimu ambao klabu yenyewe ilifilisika. Akapewa Modena ya Serie B mwaka 2015, akatimuliwa kabla msimu haujaisha. Akakaa nje muda mrefu. Mwisho wa 2018 akarudi Argentina kuifundisha Banfield, na Septemba 2019 safari ikaisha. Kazi mbili za timu za wakubwa, kutimuliwa mara mbili. Katika soka la Argentina, ambako kocha huhesabiwa kwa wiki, mtu mwenye kumbukumbu kama hiyo mara nyingi huishia studio za televisheni akichambua makosa ya wengine.

Januari 2020 akachukuliwa na Defensa y Justicia. Hii ni klabu ya Florencio Varela, kusini mwa Buenos Aires, kwenye maeneo ya watu wa kipato cha chini, na nembo yake ina rangi za kijani na njano. Rangi hizo zilitoka kwenye mabasi. Mwenye kampuni ya mabasi ya El Halcón, yaani Kipanga, yanayopita njia namba 148 kwenda mjini, aliwahi kuwa pia rais wa klabu, basi wachezaji wakavishwa rangi za basi na timu ikaitwa Kipanga hadi leo. Ilianzishwa 1935, ikapanda daraja la kwanza kwa mara ya kwanza 2014. Kabati la makombe lilikuwa tupu.

Crespo aliikuta timu iliyozoea kuchezesha vijana wa mkopo na wachezaji walioachwa na klabu kubwa, na hakuja kuibadilisha tabia hiyo. Alichokileta ni namna ya kushambulia: mpira ukipatikana uende mbele upesi, na washambuliaji wawe wanaanza kukimbia kabla haujapigwa. Yeyote aliyekuwa na nafasi ya kuitazama pasi ya Kaká kutoka upande wa mpokeaji angefundisha hivyo. Walitolewa hatua ya makundi ya Libertadores, mashindano waliyoyacheza kwa mara ya kwanza, wakaangukia Copa Sudamericana kwa kumaliza wa tatu kwenye kundi. Huko wakawatoa Vasco da Gama na Bahia, klabu za Brazil zenye bajeti za kuwazidi mara kadhaa. Braian Romero, mshambuliaji ambaye Independiente waliwahi kuwa naye wasione thamani yake, alifunga mabao 10 na kuwa mfungaji bora.

Fainali ilichezwa Januari 23, 2021, mjini Córdoba, uwanja wa Mario Kempes ukiwa mtupu kwa sababu ya korona. Lanús, wapinzani, walikuwa na uzoefu. Kombe hilo walishawahi kulibeba. Ikaisha 3-0. Adonis Frías, Romero, Washington Camacho. Sina shaka kuwa hii ndiyo kazi kubwa kuliko zote alizowahi kuzifanya Crespo akiwa kocha, hata ukiweka mezani yaliyotokea Uarabuni. Kule alikuwa na fedha. Hapa alikuwa na timu ya basi.

São Paulo walimchukua mara moja. Klabu hiyo, bingwa wa dunia mara tatu, ilikuwa haijagusa kombe lolote tangu 2012, na ubingwa wa jimbo haikuwa imeupata tangu 2005. Mei 2021, akitumia mabeki watatu nyuma, akawafunga Palmeiras 2-0 katika marudiano ya fainali ya jimbo na kuukata ukame. Miezi mitano baadaye aliondoka, baada ya Palmeiras hao hao kuwatoa kwenye Libertadores na timu kuteleza kwenye ligi. Brazil hawana subira na makocha. Hilo halihitaji maelezo marefu.

Kuanzia 2022 akahamia Ghuba, na hapo hadithi inawakaribia wasomaji wetu kwa njia ambayo sikuitegemea. Al-Duhail ya Qatar, timu aliyokabidhiwa, ilikuwa na mshambuliaji wa kati kutoka Nairobi: Michael Olunga. Ndiye aliyefunga mabao 28 katika ligi ya Japan mwaka 2020 akachaguliwa mchezaji bora wa ligi hiyo, na ndiye aliyeizamisha Taifa Stars ya Amunike kwa mabao mawili mjini Cairo, Kenya iliposhinda 3-2 katika yale mashindano ya 2019. Msimu wa 2022/23 Al-Duhail, na Olunga akiwa ncha ya mashambulizi, wakabeba ubingwa wa ligi pamoja na makombe mengine mawili ya ndani.

Lakini Februari 2023, nusu fainali ya Klabu Bingwa Asia upande wa magharibi, tena ikichezwa Doha, walikutana na Al-Hilal ya Riyadh. Wakafungwa 7-0. Odion Ighalo, Mnigeria, alifunga manne peke yake. Kwa mtu aliyekwisha kunyang'anywa dhahabu na Nigeria kule Georgia, lazima jina la nchi hiyo lilianza kumchosha. Oktoba ya mwaka huo Al-Duhail wakaachana naye.

Mwezi uliofuata alikuwa Al Ain. Mji huu wa Falme za Kiarabu ni chemchemi ya mitende iliyobanana na Oman. Buraimi iko pale pale, ukivuka mpaka umefika, na kwa Waswahili wa Muscat na Sohar si mahali pa mbali. Klabu ilikuwa bingwa wa Asia mara moja, 2003, kisha ikapoteza fainali mbili. Crespo alikuta winga mmoja wa Morocco, Soufiane Rahimi, aliyekulia katika mazingira ya Raja Casablanca, ambako baba yake alikuwa mtunza vifaa vya timu. Akamfanya Rahimi kuwa mlengwa wa kila shambulizi la kushtukiza. Waachie wapinzani mpira, wakaze kati, kisha mpe Rahimi nafasi ya kukimbia.

Robo fainali, Machi 2024, ilikuwa dhidi ya Al-Nassr ya Cristiano Ronaldo. Nyumbani Al Ain wakashinda 1-0, bao la Rahimi. Riyadh, kabla ya mapumziko, Rahimi akafunga mawili mengine. Jumla ikawa 3-0.

Tatu bila. Kila aliyewahi kuiona Istanbul alijua kinachofuata, na kikafuata. Al-Nassr wakapata moja dakika za nyongeza za kipindi cha kwanza. Mapema kipindi cha pili kipa Khalid Eisa akajifunga. Dakika ya 72 Alex Telles akafunga la tatu. Katikati ya hayo Ronaldo alikosa bao la wazi, mita chache tu kutoka golini, kosa ambalo hata yeye mwenyewe hakuliamini. Muda wa ziada, Al Ain wakapata bao kupitia Sultan Al Shamsi, na dakika ya 118 Ronaldo akasawazisha jumla kwa penalti: 4-4. Mikwaju. Kwa mara nyingine Crespo alikuwa pembeni ya uwanja, timu yake imepoteza uongozi wa mabao matatu, na hakuna analoweza kufanya kwa mguu wake. Safari hii waliokosa walikuwa wale wengine. Kwa Al-Nassr aliyefunga ni Ronaldo peke yake. Khalid Eisa, yule yule aliyejifunga, akatoka shujaa. Mikwaju 3-1.

Nusu fainali ikaleta Al-Hilal, wale wa 7-0, sasa wakiwa wameshinda mechi 34 mfululizo, rekodi ya dunia. Mechi ya kwanza iliahirishwa siku moja kwa sababu ya mvua kubwa ya Aprili 2024, ile iliyozamisha Dubai na kuua watu kule Oman. Ilipochezwa, Rahimi alifunga matatu katika kipindi cha kwanza, Al Ain wakashinda 4-2, na mfululizo ule ukakatika. Marudiano walifungwa 2-1 wakapita kwa jumla ya 5-4. Ukizijumlisha mechi mbili hizo utagundua walifungwa mabao manne. Crespo hakuwahi kuwa kocha wa kulinda.

Kwenye fainali waliwakuta Yokohama F. Marinos ya Japan. Kocha wao alikuwa Harry Kewell.

Mechi ya kwanza, Japan, Al Ain walitangulia wakaishia kufungwa 2-1. Marudiano yalipangwa uwanja wa Hazza bin Zayed tarehe 25 Mei 2024, miaka 19 kamili baada ya Istanbul. Dakika ya 8 Rahimi akafunga. Kaku akaongeza kwa penalti, Yan Matheus akairudishia Yokohama moja, na kabla ya mapumziko kipa wao William Popp akatolewa kwa kadi nyekundu. Jumla ilikuwa 3-3. Kipindi cha pili Rahimi tena, halafu Kodjo Laba wa Togo, aliyetokea benchi, akafunga mawili ya dakika za nyongeza. Tano kwa moja. Rahimi alimaliza na mabao 13 na tuzo ya mchezaji bora, na miezi miwili baadaye alikwenda Olimpiki ya Paris akafunga 8, mfungaji bora, kama kocha wake wa klabu mwaka 1996. Kewell alitimuliwa kabla Julai haijaisha.

Ukocha, hata hivyo, hauna benki ya kuwekea akiba. Septemba 2024 Al Ain waliifunga Auckland City 6-2 katika mashindano ya mabara. Oktoba wakaenda Cairo wakachapwa 3-0 na Al Ahly. Katika Klabu Bingwa Asia walianza kutetea taji kwa matokeo mabovu, na tarehe 5 Novemba, Riyadh, Al-Nassr wakalipiza kisasi kwa 5-1. Siku hiyo hiyo habari za kibarua chake zilianza kunukia, na kabla wiki haijaisha Crespo hakuwa na kazi. Kombe la Asia lilikuwa na umri wa miezi mitano na nusu.

Juni 2025 São Paulo, iliyokuwa inasuasua kwenye ligi na imeshaachana na kocha wake, ikamrudisha. Ni klabu ile ile iliyomwacha aende 2021 muda mfupi baada ya kuiondolea ukame wa makombe. Alikubali.